Siku ya 21 haikuwa siku yangu

Karatasi ilikuwa na mistari sita, na mmoja tu ndio uliowekewa nyota pembeni. Projesteroni, homoni moja ya uzazi: 0,9 ng/mL. Nilisimama nayo kwenye baraza ya labo, Ibanda, hapa Bukavu, mvua inapiga mabati kwa nguvu hadi nikamwomba aliyenipa bahasha arudie alichosema. Akarudia: "Mama, yai halitoki." Akafunga dirisha.

Nilikuwa na miaka 33, ndoa ina mwaka wa nne. Nilipanda moto, pikipiki ya abiria, mpaka Kadutu, nikafungua meza yangu ya vitenge kama siku zote, nikauza pisi mbili. Sikumbuki zilikuwa za rangi gani, nami hukumbuka kila kitambaa kinachotoka mikononi mwangu.

Jioni mama mkwe akaja. Habari katika nyumba zetu hufika bila kubebwa na mtu. Alinishika mkono, akasema kwa huruma ya kweli: "Mwanangu, kizazi kikikauka si kosa la mtu." Hakuwa na ubaya moyoni, na ndiyo maana neno lile lilinikaa. Angenitukana ningejibu. Nililala nalo wiki tatu, nikiamka usiku kuigusa ile bahasha chini ya godoro. Wiki tatu hizo ndizo zinazoniandikisha haya leo, kwa sababu hazikuwa na haja ya kuwepo.

Yaya wangu (ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa), mtoto wa mama mkubwa, anafanya kazi ya labo huko Uvira. Alipanda Bukavu kwa ajili ya matanga ya mjomba, na usiku wa pili, vyombo vimekwisha kuoshwa, nikampelekea bahasha. Hakuifungua.

"Nipe kwanza boni," akasema.

Boni ni ile karatasi ya daktari yenye orodha ya vipimo unayokwenda nayo labo. Sikuwa nimeitupa. Akaisogeza karibu na taa, akapitisha kidole juu kabisa, penye jina, umri, jinsia. Kidole kikasimama kwenye herufi tatu: DDR. Baada yake kulikuwa na nukta nyingi za kujaziwa, na juu ya nukta hakukuwa na kitu.

DDR ni Kifaransa, tarehe ya siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Wengi wetu tumeiona mara mia kwenye makaratasi ya hospitali, na muuguzi akituuliza tunataja tarehe yoyote ili foleni iendelee. Mimi hata kuulizwa sikuulizwa.

"Huyu aliyekupima," yaya akasema, "alijuaje anapima siku gani?"

Nikamwambia daktari aliandika J21, yaani siku ya 21 ya mzunguko, na mimi niliihesabu kwenye kalenda bila kukosea hata siku moja.

"Na mwezi wako huchukuaka siku ngapi?"

"Thelathini na nne. Mara nyingine thelathini na sita."

Akaweka karatasi mapajani. "Basi siku ya 21 haiko yako, mdogo wangu. Ni ya mwenye siku 28."

Nitaieleza kama alivyonieleza, maana hapo ndipo kwenye uzito wote. Nusu ya kwanza ya mzunguko, yai linakua ndani ya kifuko chake kwenye ovari. Kifuko kikipasuka yai likatoka, kile kifuko kitupu hakipotei: kinageuka kuwa tezi ndogo ya njano, nayo ndiyo inayotengeneza projesteroni. Inaishi wiki mbili hivi. Mimba ikiingia inaendelea kufanya kazi, mimba isipoingia inanyauka, projesteroni inaanguka, na hedhi inakuja. Nusu hii ya pili, kwa wanawake wengi, ni karibu siku 14, mizunguko iwe mirefu au mifupi. Inayovutika ni nusu ya kwanza. Kwa hiyo siku ya kupima projesteroni hesabu yake inaanzia mwisho kurudi nyuma: siku saba kabla ya hedhi inayotarajiwa. Mwenye mzunguko wa siku 28, ukitoa saba unabaki na 21. J21 imetoka hapo, na hapo tu. Mwenye siku 34 anakwenda siku ya 27. Mimi siku ya 21 yai langu pengine lilitoka jana yake, pengine lilikuwa halijatoka. Namba 0,9 ndiyo hasa iliyotakiwa kuonekana siku ile kwa mwanamke mzima asiye na tatizo lolote.

Sisi wa Bukavu tunaijua biashara ya sambaza, samaki wadogo wa ziwa Kivu. Wavuvi wanaingia ziwani usiku na taa, samaki wanafuata mwanga, nyavu zinapanda zimejaa. Mbalamwezi ikiwaka, taa haina nguvu tena, samaki wametawanyika, na wavuvi wengi wanabaki nchi kavu kushona nyavu. Siku hizo mabeseni sokoni yanakuwa matupu na bei inapanda. Hakuna mama wa Kadutu atakayetazama beseni tupu wakati wa mbalamwezi aseme Kivu imekwisha samaki. Mimi nilitazamwa usiku wa mbalamwezi, nikaambiwa sina samaki.

Nilirudia kipimo mwezi uliofuata, siku ya 28, kwa kuwa ya 27 iliangukia Jumapili. Safari hii nilijaza DDR mwenyewe. Jibu: 11,4 ng/mL. Yaya alinikataza kushangilia mpaka hedhi ije, ili tujue kama siku ilikuwa sahihi. Ikaja siku ya 35. Saba kamili. Kwa kawaida projesteroni ikipita 3 ng/mL katika wakati huo inahesabiwa kuwa yai limetoka. Na tusianze kushindana, mimi 11 wewe 7: homoni hii inamwagika kwa mapigo, inapanda na kushuka ndani ya saa chache, hivyo mtu yule yule akitolewa damu asubuhi na alasiri anaweza kupata namba mbili zinazoachana sana. Kipimo kinajibu swali moja, yai limetoka au halijatoka mwezi huu. Hakikupi alama za darasani.

Tangu hapo nilitaka kujua kila mstari wa ile karatasi.

Kwanza, udogo wa vitu vinavyopimwa. Nanogramu moja kwa mililita ni sawa na gramu moja iliyoyeyushwa katika lita milioni moja. Chukua chumvi ya ncha ya kisu, igawe katika malori thelathini na zaidi ya mafuta, ya lita elfu thelathini kila moja, halafu uchote kijiko kimoja na useme chumvi ni kiasi gani. Estradioli, homoni nyingine ya ovari, inapimwa kwa pikogramu, ambayo ni ndogo mara elfu tena. Kwa muda mrefu madaktari hawakuweza kuona kiasi hicho ndani ya damu. Walioifungua njia ni Wamarekani wawili, Rosalyn Yalow na Solomon Berson, miaka ya 1950, walipotumia kingamwili na chembe za mionzi kupima insulini. Yalow alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1977. Berson alikuwa amefariki mwaka 1972. Mashine za leo kwa kawaida hazitumii tena mionzi, ila wazo ni lile lile: kingamwili inayokamata homoni moja na kuiacha nyingine. Kila kampuni ina kingamwili zake, na ndiyo maana mipaka ya kawaida iliyochapwa pembeni ya jibu hutofautiana kutoka labo hadi labo. Soma mipaka ya karatasi yako. Ya jirani ni ya jirani.

Pia kipimo hicho cha kukamata kinaweza kudanganywa. Vidonge vya nywele na kucha, vile tunavyouziana sokoni, vingi vina biotini kwa wingi, na biotini inavuruga baadhi ya mashine: homoni nyingine zinaonekana chini, nyingine juu, kumbe hakuna kilichobadilika mwilini. Mwambie anayekutoa damu kama unavimeza. Sindano ya uzazi wa mpango vilevile, hata kama uliiacha miezi kadhaa iliyopita, kwa sababu yai linaweza kuchelewa kurudi muda mrefu baada ya sindano ya mwisho.

Halafu vipimio. Huku kwetu mtu akikuambia kitu ni mia moja, unauliza kabla hujapumua: dola au franga? Kwenye homoni tunasahau kuuliza. Mama mmoja tunayeuza naye alipimiwa nje ya nchi, akarudi na homoni ya prolaktini 380. Mimi yangu, iliporudiwa, ilikuwa 17. Aliniona mimi mzima na yeye wa kuzikwa. Yake ilikuwa kwa mIU/L, yangu kwa ng/mL. Gawanya 380 kwa 21 na kidogo, unapata karibu 18. Tulikuwa sawa kabisa, na alikuwa amekwisha kufunga siku tatu za maombi. Projesteroni kutoka ng/mL kwenda nmol/L unazidisha kwa 3,18. Estradioli kutoka pg/mL kwenda pmol/L unazidisha kwa 3,67. Nimeviandika nyuma ya daftari langu la madeni, kwa sababu wanaokuja kuniuliza sasa ni wengi.

Nimesema prolaktini iliporudiwa. Ya kwanza ilikuwa 38, na mpaka wa labo ulikuwa 25. Prolaktini ndiyo homoni ya maziwa. Mama anayenyonyesha inakuwa juu, na ikiwa juu inazuia yai, ndiyo maana wengi hawaoni hedhi wanaponyonyesha. Kwa asiyenyonyesha inaweza kupanda kwa mambo madogo mno: kuamka usingizini hivi punde, kukimbia, woga wa sindano. Siku ile nilikuwa nimepanda kilima kwa miguu kwa sababu ya matope, nikaketi kwenye kiti cha kutolewa damu bado nahema. Zaidi ya hayo nilikuwa namaliza dawa ya tumbo, metoklopramidi, ile ya kuzuia kutapika, nayo inapandisha prolaktini waziwazi. Dawa kadhaa za magonjwa ya akili zinafanya hivyo pia, na hizo mtu asiziache bila daktari wake. Hakuna aliyeniuliza nimemeza nini. Mara ya pili dawa ilikuwa imekwisha, nilikwenda saa nne asubuhi, nikakaa nusu saa kwenye benchi bila simu. Kumi na saba.

Ikibaki juu kweli, ina sababu zake. Ikipita 200 ng/mL kwa mtu asiye na mimba, mara nyingi ni uvimbe wa tezi ya pituitari chini ya ubongo, ambao kwa kawaida si saratani na mara nyingi hunywea kwa vidonge tu. Sababu nyingine ni tezi ya shingo ikiwa imezembea, na hapa Kivu jambo hilo si geni. Wazee wanakumbuka goita za Idjwi. Watafiti walikwenda kisiwani miaka ya 1960 wakakuta madini ya joto ni machache kisiwa kizima, lakini rovu limejaa kaskazini kuliko kusini-magharibi, na wakaifuata sababu hadi kwenye mihogo, ambayo isipoandaliwa vizuri inaizuia tezi kuchukua madini hayo. Chumvi yenye madini ya joto imebadilisha mengi tangu hapo. Lakini TSH, kipimo cha tezi hiyo, inastahili kuwa kwenye boni pamoja na prolaktini. Tezi ya shingo ikilala, prolaktini inaweza kupanda na hedhi kuvurugika, na dawa yake ni nyepesi.

FSH ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote, kwa sababu mtu anadhani kubwa ndiyo nzuri. Fikiria mama anayemwita mtoto aliye uwanjani. Mtoto akiitika mara ya kwanza, mama hapandishi sauti. Asipoitika, mama anaita tena kwa nguvu, mpaka majirani wanatoka. FSH ni sauti ya pituitari ikiita ovari. Ovari zenye mayai zinaitika upesi, na sauti inabaki chini. Zikichoka, sauti inapanda. Inapimwa mwanzoni mwa mzunguko, siku ya 2 hadi ya 4 au ya 5, wakati kimya kimetulia, na estradioli inapimwa siku hiyo hiyo, kwa sababu estradioli iliyopanda mapema inaweza kuishusha FSH na kuificha shida. Yangu ya J3 ilikuwa 6,8, estradioli 41. Mtoto aliitika. Kwa mwanamke wa chini ya miaka 40 ambaye hedhi imekatika kwa miezi, FSH iliyopita 25 inamfanya daktari afikiri kwamba ovari zimechoka kabla ya wakati, na mwanamke huyo anahitaji matibabu ya kulinda mifupa na moyo wake hata kama habari ya watoto haipo kabisa mawazoni mwake. Hilo nalisema kwa mkazo, kwa sababu nimewaona wanaoambiwa "umefikia ukomo" wakarudishwa nyumbani mikono mitupu.

AMH sikuipima, na sijuti. Inapimwa siku yoyote, ni ghali, na inaonyesha takriban akiba ya mayai iliyobaki. Inafaa kwa anayejiandaa kwa matibabu ya kupandikiza mimba, ili daktari ajue kiasi cha dawa. Kwa anayejaribu nyumbani haisemi atapata lini. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake 750 wa miaka 30 hadi 44 wasiokuwa na historia ya ugumba: wenye AMH ndogo walishika mimba kwa kiwango kile kile cha wenzao. Mama anayeuza pete yake ili alipe AMH kabla mume hajapimwa, ningemshika mkono.

Maana mume wangu alipimwa mwaka mmoja baada yangu. Shirika la Afya Duniani linasema wenzi watafute msaada baada ya miezi 12 ya kujaribu, wenzi, wote wawili. Hakukataa. Hakuna tu aliyemwambia. Spermogramu yake ya kwanza, yaani kipimo cha mbegu, ilitoka milioni 9 kwa mililita, wakati kiwango cha chini cha marejeo ni 16. Alikunja karatasi mara nne akaitia mfukoni. Yaya akauliza swali lake lile lile kwa namna nyingine: aliugua lini? Alikuwa ametoka kwenye malaria kali mwezi uliopita. Mbegu inachukua karibu miezi miwili na nusu kutengenezwa, kwa hiyo kipimo cha leo kinaonyesha mwili wa msimu uliopita, pamoja na homa zake. Baada ya miezi mitatu akarudia, akiwa amekaa siku nne bila tendo, kama inavyotakiwa kati ya siku mbili na saba. Milioni 31.

Miezi yote hiyo mama mkwe hakujua namba ya mwanawe, na sikumwambia. Lakini niliona. Yangu ilijadiliwa sebuleni, juu ya bugali, na wifi zangu wakanitafutia mizizi ya kuchemsha. Yake ilikaa mfukoni mwa koti. Nilimwambia mume wangu jambo hilo usiku mmoja, taratibu, bila ugomvi. Alinyamaza muda mrefu. Jumapili iliyofuata, mbele ya mama yake, akasema: "Mama, tumepimwa wote. Kizazi cha mke wangu hakijakauka, na maneno hayo yasirudi humu." Mama mkwe akaangalia chini, kisha akanisogezea sahani ya lenga-lenga.

Mtoto bado hatujampata. Yai linatoka, mbegu zipo, homoni zimetulia, na damu haiwezi kuonyesha kila kitu. Mirija ya uzazi, kwa mfano, inaweza kuziba na homoni zote zikabaki nzuri kama za msichana. Kwa hiyo daktari wetu wa sasa ameandika istero, picha inayopigwa baada ya kuingiza dawa ndani ya kizazi ili ionekane kama inapita hadi mwisho wa mirija. Nayo ina siku zake: damu ikiwa imekwisha, yai likiwa halijatoka.

Alhamisi ijayo ni J9 yangu. Boni iko ndani ya mkoba wa sokoni, katikati ya daftari la madeni. Kwenye DDR nimeandika tarehe kwa wino wa bluu, na pembeni yake, mahali ambapo karatasi haina nafasi ya kuuliza, nimeongeza: mzunguko, siku 34 hadi 36.